Muhuri wa Malaika Watatu

Joash Khaemba alikuwa amechonga mihuri kwa miaka thelathini na miwili, na kwa muda huo wote aliizoea dunia ikiwa kinyume. Makatibu wa shule, mawakili, machifu, wenyeviti wa vyama vya mazishi, wote walipanda ngazi hadi kibanda chake, orofa ya pili ya jengo moja nyuma ya River Road, wakamtajia majina na vyeo vyao, naye akayachonga yakianzia kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimewageuzia mgongo. Hakuna njia nyingine. Muhuri unaosomeka vizuri ukiushika mkononi utachapa upuzi, na ule unaoonekana upuzi ndio utakaochapa vizuri. Mkewe, Mercyline, alisema ndiyo sababu mara nyingine mzee alifika kanisani na sweta aliyoivaa ndani nje.

Majirani zake kibandani walikuwa na mashine za leza. Unaagiza chai, na kabla hujaimaliza muhuri wako uko tayari. Joash hakuwalaumu. Yeye alibaki na tindo zake ndogo na miwani ya kukuza yenye kioo cha jicho moja, na waliomjia walikuwa ni wale waliotaka shaba na mkono wa mtu: maaskofu wa makanisa mapya, na familia zilizotaka bamba la jina la kupigilia kwenye msalaba wa kaburi. Hawakuwa wengi, lakini hawakukosekana.

Nyawira alikuja Jumanne moja ya mvua ya Aprili. Joash alimsikia akipumzika katikati ya ngazi, kisha akaonekana mlangoni: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, tumbo limemtangulia.

"Habari ya kazi, mzee."

"Nzuri, madam. Keti kwanza. Hizi ngazi zetu hazina huruma."

Aliketi, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara moja. Juu yake kulikuwa na maneno matatu kwa herufi ambazo Joash hakuwahi kuzichonga.

"Nataka muhuri," alisema. "Wa shaba, saizi ya shilingi ishirini, na hapa juu utoboe tundu nipitishe mkufu. Nimeambiwa wewe huchonga kwa mkono."

"Kwa mkono, ndiyo. Na hii ni lugha gani?"

"Kiebrania. Hiyo inasomwa kutoka kulia."

"Kazi yangu yote inasomwa kutoka kulia," akasema Joash, na wote wawili wakacheka kidogo.

Hata hivyo aliuliza maneno hayo yanasema nini, maana alikuwa mzee wa Kanisa la Marafiki kule Kangemi na kulikuwa na vitu ambavyo mkono wake haukuvigusa. Mara mbili alikuwa amewarudisha waganga na hela zao. Nyawira akamwambia yeye si mganga, ni mfamasia. Duka lake liko Kilimani, nyumbani ni Spring Valley, mumewe anaitwa Norman Mungai. Kisha akaeleza bila aibu na bila machozi, kama anayemwelekeza mgonjwa jinsi ya kumeza vidonge.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani, alisema, waliwapanga malaika kwa safu kumi. Walio karibu zaidi na kiti cha enzi wanaitwa Hayoti. Wanaofuata ni Ofanimu, magurudumu yaliyojaa macho. Safu zinashuka hivyo hivyo, maserafi hapo katikati, makerubi ya tisa, hadi Ishimu walio chini kabisa. Wale ambao sisi tunawaita malaika tu, ni safu ya sita. Baadaye walikuja watu wa kuchora duara sakafuni na kuwasha mishumaa, nao wakasema kila malaika ana jina lake na ana muhuri wake, na ukiwa na vyote viwili anakusikia.

"Na hawa watatu ni safu gani?" aliuliza Joash, ambaye alipenda mambo yenye vyeo.

"Hawako kwa safu yoyote. Hawa ni kama polisi wa doria. Kulikuwa na mmoja anaitwa Lilithi, anachukua watoto wachanga. Wakatumwa kumfuata, wakamshika baharini. Hakutaka kurudi, lakini aliapa: mahali ataona majina yao yameandikwa, hatagusa mtoto. Ndiyo maana mama wa Kiyahudi akikaribia kuzaa walikuwa wanabandika hayo majina kwa ukuta."

"Na wewe unaamini?"

Nyawira aliitazama mvua dirishani. "Mzee, nimepoteza watatu. Wote mwezi wa nane. Nimemeza kila dawa iko kwa soko, zingine nimeuza mimi mwenyewe. Huyu ni wa nne, na sasa niko mwezi wa nane. Sijui kama naamini. Nataka tu mtu aniandikie vizuri."

Joash alimwonea huruma, akaichukua ile karatasi. Herufi ni herufi, alijiambia. Kuchonga si kuabudu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini fundi aliyekalia stuli moja miaka thelathini na miwili huona haya kumuuliza mteja muhuri ni kitu gani. Mwanamke alisema muhuri. Joash alijua mihuri. Kwamba ulikuwa na tundu la mkufu hakukumshangaza. Alikuwa ameshamtengenezea askofu mmoja muhuri wa kuvaa shingoni, na askofu yule aliubusu kila alipomaliza kugonga cheti. Basi alizigeuza zile herufi kwa karatasi nyembamba ya kuonyesha upande wa pili, akazihamishia kwenye shaba, akachonga. Ilimchukua siku mbili. Herufi zile zilikuwa na vijidole na vimkia, na nukta moja ikipotea hujui umeandika nini, kwa hiyo alichonga akihesabu vimkia kama mtu anayehesabu kuku wa jirani.

Alipomaliza alipaka wino, akaigandamiza shaba kwenye karatasi, akaiweka chapa ile kando ya karatasi ya Nyawira. Zililingana hadi ncha ya mwisho. Aliibana ile chapa kwenye waya pamoja na chapa nyingine za kazi zilizomalizika, akaisafisha shaba kwa pamba na mafuta ya taa.

Nyawira alikuja Alhamisi. Aliuvaa pale pale, akaugandamiza kwa kiganja chini ya koo, akafumba macho. "Asante sana, mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyevua viatu vinavyombana. Joash alifurahi, kisha akaona aibu kidogo kwa kufurahi, yeye mzee wa kanisa.

Siku kumi na mbili baadaye alikuja Mwalimu Kitavi. Alikuwa amestaafu kufundisha Agano la Kale katika chuo kidogo cha wachungaji, na sasa alikuwa katibu wa chama cha walimu wastaafu, chama ambacho kilibadilisha jina kila baada ya uchaguzi na hivyo kilihitaji mihuri mingi. Joash alimwita Mwalimu Kitafi. Ulimi wa Bungoma hauoni tofauti kubwa kati ya V na F, na mwalimu alikuwa amechoka kumsahihisha.

Kitavi alikuwa akisubiri risiti yake macho yalipotua kwenye ule waya. Alivaa miwani, akasogea.

"Khaemba, ni Myahudi gani alikuja hapa?"

"Hakuna Myahudi. Huyo ni Mkikuyu wa Spring Valley."

Mwalimu alipitisha kidole hewani kutoka kulia. "Sanvi. Sansanvi. Semangelaf," alisoma polepole. "Ona hawa! Walinzi wa mama anayejifungua. Mara ya mwisho kuwaona nilikuwa mwanafunzi. Na umewaandika vizuri, hakuna hata nukta imepotea."

"Kwa hiyo iko sawa."

"Chapa iko sawa kabisa. Lakini huyo mama anagonga karatasi gani na muhuri kama huu?"

"Hagongi. Anavaa shingoni."

Kitavi alivua miwani. "Anavaa hii karatasi?"

"Anavaa shaba."

"Basi shaba iko kinyume."

Joash alimtazama. "Ni muhuri, mwalimu. Alisema muhuri."

"Asiyejua maana haambiwi maana," akasema Kitavi kwa utani wake wa darasani, kisha akaeleza. Katika vitabu vile, muhuri wa malaika si kitu cha kugonga. Ni alama. Mtu huibeba mwilini au huibandika ukutani, na inatakiwa isomeke jinsi ilivyo. "Na hao watu ni wakali kwa mambo ya herufi. Wanasema jina la malaika likikosewa herufi moja, afadhali usingeandika. Wewe umegeuza zote. Labda imesalimika hii ya kwanza tu, inayoanzisha majina yote matatu. Hii ni duara, haijali sana upande." Alicheka. Halafu aliona uso wa fundi, akaacha kucheka. "Lakini wewe na mimi ni Wakristo, bwana. Hiyo ni shaba tu."

"Ni shaba tu," akakubali Joash.

Mwalimu alipoondoka, Joash aliketi kwa muda bila kushika kitu. Hakumwogopa Lilithi. Alichoogopa ni rahisi zaidi: mwanamke alimwomba amwandikie vizuri, jambo moja tu, naye hakumwandikia vizuri. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa kazi iliyoharibika mlangoni mwake. Alichukua kipande kingine cha shaba, na mara hii akazichonga zile herufi jinsi zilivyo kwenye karatasi, wima na wazi, mkono wake ukimgomea kwa kila herufi. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili alikuwa amemaliza. Akapiga simu.

Aliyepokea alikuwa mwanamume. Nyawira amelazwa, alisema, hospitali moja huko Parklands. Madaktari wameamua wasingoje zaidi. Upasuaji ni kesho saa tatu asubuhi. Na yeye ni nani?

Lisilo budi hutendwa. Joash alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilizungumzia hadi jioni, akaenda Parklands.

Norman Mungai alimpokea kwenye benchi nje, karibu na maegesho ya magari. Alikuwa mrefu, shati lake limekunjamana kana kwamba limelaliwa, na bila shaka lilikuwa limelaliwa. Joash alimweleza yote, kuanzia neno muhuri hadi kidole cha Mwalimu Kitavi, bila kujitetea. Kisha akaitoa shaba ya pili mfukoni.

Norman alisikiliza hadi mwisho. "Mzee, unajua hayo majina ni ya nani?"

"Ya malaika."

"Ni ya watoto wetu."

Aliyasema yaliyofuata huku akiyatazama magari. Walipompoteza wa kwanza, shangazi zake walikuja na chakula, wakasema Mungu amejichukulia malaika. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Ni neno linalopatikana kila mahali: mtoto mchanga ni malaika, akifa ni malaika, basi, watu wanakunywa chai. Nyawira aliwauliza ni malaika wa aina gani na anaitwa nani. Walidhani huzuni imempanda kichwani.

Yeye alitaka kuwapa majina. Lakini kwa kina Mungai, kama ilivyo kwa nyumba nyingine za Wakikuyu, majina yako foleni tangu zamani. Kijana wa kwanza ni babake Norman, msichana wa kwanza ni mamake, halafu ndiyo wanaingia wa upande wa mke. Mamake Norman alimshika Nyawira mkono, akamwomba kwa upole asilizike jina lake, bali alitunze kwa ajili ya mtoto atakayeitwa akaitika. Hakuwa mtu mbaya. Mtu yeyote angesema hivyo. Kwa hiyo wale watatu walibaki bila jina mpaka Nyawira alipopata majina matatu ambayo hakuna bibi wala babu aliyekuwa akiyangojea.

"Usiku anaishika hiyo kitu anawaita," alisema Norman. "Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana analala. Sasa wewe unataka nimwambie amevaa watoto wake kinyume, na kesho saa tatu anaingia theatre?"

"Basi mbadilishie akiwa amelala. Chukua hii."

Norman aliipokea ile shaba mpya, akaigeuza, akamrudishia. "Mimi siamini hizi vitu, mzee. Siamini kabisa. Lakini siwezi kutoa hiyo kwa shingo yake. Wewe ungeweza?"

Joash alifikiri, akasema hapana.

Njia nzima ya kurudi alifikiria mabamba ya msalabani. Bamba la msalaba likikosewa jina, familia haisemi fundi amekosea. Inasema marehemu amekosewa. Alikuwa ameyajua hayo tangu ujana wake, na kwa ajili hiyo mabamba aliyachonga asubuhi, kabla macho hayajachoka. Haya matatu hakujua kama ni mabamba. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Nyumbani Kangemi, Mercyline alikuwa barazani akichambua mboga ya mrenda. Joash aliketi karibu naye, akamsimulia. Aliposema kuhusu majina, mikono ya mkewe ilipunguza mwendo.

"Umechongea Nairobi yote majina," alisema Mercyline. "Wetu ulimwandika wapi?"

Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomuumiza Joash. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bila pumzi, miaka thelathini na moja iliyopita, huko Bungoma, na wanawake wa boma walimzika kabla mama hajaweza kusimama. Tangu siku hiyo hawakuwahi kumtaja. Walipata wengine wanne, wakawasomesha, wakawaoza.

"Hata kama alikuwa kijana ama msichana, sikuambiwa," Mercyline aliendelea. "Mlisema nitasahau haraka."

"Msichana," akasema Joash.

Mercyline aliendelea kuchambua. Joash aliona haya kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, haya ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha. Akachukua fungu la mrenda, akaanza kuchambua naye.

"Huyo mama utamwambia," mkewe alisema. "Akishajifungua salama ama asipojifungua salama, utamwambia. Usimfiche."

"Nitamwambia," akaahidi Joash.

Siku iliyofuata Joash alikwenda kazini na hakufanya kazi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Aliichonga herufi moja ya muhuri wa walimu wastaafu, akaiona imepinda, akaikwangua. Saa sita kasorobo simu yake ililia, ujumbe kutoka kwa Norman: Ni msichana. Wote wazima. Joash aliusoma mara tatu, kisha akainamisha kichwa juu ya tindo zake na kumshukuru Mungu, moja kwa moja, bila kupitia kwa malaika yeyote.

Wiki saba zilipita. Ahadi ni deni, na hata kama aliyemwahidi ni Mercyline wala si Nyawira, haikumtoka Joash akilini. Alianza kuwaza kwamba pengine mwanamke hatarudi tena River Road. Angerudi kufanya nini? Kila mtu alikuwa mzima. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mtu anayenyamaza inaweza kuwa ndefu sana, na ya kupendeza, na hakuna anayemsimamisha.

Alirudi. Alipanda ngazi bila kupumzika, mtoto amefungwa kifuani kwa kitambaa, na ule muhuri ukining'inia juu ya kichwa cha mtoto.

"Nimekuja kukuonyesha mtu," alisema huku akiketi. "Anaitwa Nyakio. Jina la mamake Norman. Huko kwao wamefurahi sana, wanamwita kifungua mimba." Alitabasamu alipolisema, lakini tabasamu halikufika mbali.

Joash alimtazama mtoto. Alikuwa mtoto kama wengine, mwenye mashavu na hasira. Kisha akafungua droo, akaitoa shaba ya pili, akaiweka mezani mbele ya Nyawira na kumwambia. Hakuzunguka. Alisema umevaa majina yakiwa yamegeuka, kosa ni langu, samahani, nilisikia muhuri nikadhani ni wa kugonga. Mwalimu mmoja aliisoma chapa akanionyesha, kwa hiyo nilijua kabla hujajifungua. Nilikuja hospitali na sikuingia.

Nyawira aliuvua mkufu. Aliziweka zile shaba mbili bega kwa bega, akapitisha kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine. Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza soksi kwa kipaza sauti.

"Norman alijua?"

"Alijua. Aliogopa."

"Nilikuomba kitu moja," alisema Nyawira. "Uniandikie vizuri."

"Ndiyo."

"Hao watoto hakuna mahali pengine wameandikwa. Hakuna. Hospitali waliandika tu namba."

Alikuwa amekasirika. Joash aliiona hasira ikimpanda shingoni, akaona ni haki yake, akakaa nayo. Hakusema samahani mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imetosha au haitatosha kamwe. Mtoto akaanza kulalamika. Nyawira alimpapasa mgongo bila kumtazama, macho yake bado kwenye zile shaba, akitafakari kama anayesoma dawa mbili zinazofanana na moja ni sumu.

"Hii niliyokuwa nimevaa," alisema hatimaye. "Mtu akiwa upande wa nyuma, aiangalie akiwa huko nyuma. Ataona aje?"

"Hataona kitu. Shaba haipitishi mwanga."

"Najua. Lakini kama ingepitisha."

Joash alilifikiria, na hapo alikuwa kwenye kazi yake, hakuhitaji karatasi. "Ingesomeka sawa," alisema. "Ukiwa nyuma, inasomeka sawa."

"Na wakati nilikuwa nimeivaa, huyu alikuwa wapi?"

Fundi alichelewa kuelewa. Alitazama mkufu, akatazama pale ulipokuwa ukining'inia kwenye kifua cha mwanamke, akatazama chini yake ambapo lile tumbo lilikuwa, na ambapo sasa kulikuwa na kitambaa na mguu mmoja mdogo uliovuliwa soksi.

"Nyuma ya shaba," alisema.

Nyawira alilia. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha mtoto, akauvaa tena ule mkufu wa kwanza, na ile shaba ya pili akaiacha mezani chini ya taa.

"Yule mwalimu aliyasoma," alisema. "Mimi nimeyaona tu kwa karatasi. Nikiwaita usiku ninabahatisha. Alisema aje?"

"Ulimi wangu si wake, mama Nyakio. Mimi ni wa Bungoma. Nitakuharibia mara ya pili."

"Soma tu."

Alimfungua mtoto, akamgeuza amwelekee mzee. Joash alivaa miwani ya kukuza, ingawa hakuihitaji. Mara ngapi alikuwa amesimama kanisani na kuwaonya watu kwamba malaika hawatajwi ovyo, kwamba tuna mmoja tu wa kumwita. Aliweka kidole upande wa kulia wa ile shaba ya mezani.

"Sanfi," alisoma. "Sansanfi. Semangelafi."

Hakuna aliyemsahihisha. Mtoto alikuwa ameacha kulalamika, anamkodolea macho yule mtu mwenye jicho moja kubwa la kioo.

"Mwambie ni akina nani," alisema Nyawira.

Joash alivua miwani. Alimwinamia mtoto.

"Nyakio," alisema. "Hawa ni ndugu zako. Wewe ni wa nne."